Miti Inayolala kwa Dorkasi, Inakaguliwa kwa Watu

Mwandishi wa habari hii anaijua miti yote ya Dodoma kwa majina. Majina yenyewe ni mawili: mwarobaini, na ule mwingine.

Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Dorkasi Ndahani anaposema, "Bibi, nishikie huo mwashoki," mwandishi anashika koleo.

Dorkasi hacheki. Hana muda. Toroli lake limebeba miti mitano, miarobaini na ile miembamba ya mapambo, miashoki, kila mmoja ndani ya ndoo ya rangi ya lita ishirini, na mteja anamsubiri kiwanjani. Mkaguzi anapita saa mbili.

Tuko Mtaa wa Azimio Juu, pembezoni mwa Msalato. Upepo wa Septemba unavuma kana kwamba unadai kitu. Viwanja vimepimwa vizuri, vimenyooka, kila kimoja na jiwe lake la mpaka. Kinachokosekana ni nyumba.

Dorkasi, miaka hamsini na moja, anachimba shimo upesi. Anaingiza ndoo humo, mti na yote, anarudishia udongo mpaka ukingo wa ndoo usionekane. Anatupia majani makavu mawili matatu. Mwisho anachota samadi ya mbuzi mfukoni mwa koti na kuinyunyiza kwenye shina, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga.

"Samadi ndiyo inayomaliza kazi," anasema. "Mkaguzi akiiona anajua hapa pana mtu anayejali."

Kazi yake ni kukodisha miti. Shilingi elfu moja na mia tano kwa mti, kwa siku. Wiki nzuri humpatia elfu arobaini. Wiki mbaya humpatia maneno.

Mwenye kiwanja cha leo ni Sidonia, muuguzi mstaafu, anayeishi kwenye nyumba ya kupanga huko Mpwapwa. Ameketi juu ya jiwe lake la mpaka, mkoba mapajani.

"Shikamoo dada," anasema Dorkasi akipangusa jasho.

"Marahaba mdogo wangu. Huo wa mwisho mbona umeinama?"

"Umechoka dada. Jana ulikuwa kwa mwalimu."

Sidonia haipendi hali hii, na anaomba iandikwe hivyo. Utaratibu wa mtaa unaitwa Mti Kwanza. Unasema hupati kibali cha kujenga mpaka kiwanja kiwe na miti mitano hai, inayofika kiunoni mwa mtu mzima. Usipopata kibali ndani ya miaka mitatu, kiwanja kinarudi ofisini. Tofali za kuchoma hazitakiwi, zinamaliza kuni. Nyumba ya udongo haitakiwi, inaharibu sura ya mji. Maji ya bomba hutoka Jumanne.

"Nipande miti kabla ya nyumba," anasema Sidonia. "Sawa. Naipenda miti. Nani anamwagilia, wakati mimi mwenyewe sina pa kulala hapa? Mwaka jana nilikuwa napanda basi kila Jumamosi na kidumu cha maji mapajani. Kondakta akanitoza nauli ya kidumu. Nikalipa. Nimefika, mche umeliwa na mchwa. Nikakaa hapa hapa nikayanywa yale maji, nikarudi Mpwapwa."

Serikali yetu ni ya wakulima na wafanyakazi. Tuliimba hivyo shuleni, kwa sauti. Enzi zile wazee wetu waliambiwa watoke kwenye matembe yao yaliyotawanyika, wakajenge kwa mstari. Walijenga. Leo mistari ipo, imenyooka kuliko zamani, na watu wamesimama juu yake wakingoja mwarobaini ukue. Kwenye mikutano wanapiga makofi. Wakitoka mikutanoni wanakwenda kwa Dorkasi.

Saa mbili na dakika kumi pikipiki inaingia. Ni Ernest, ofisa anayesimamia Mti Kwanza, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola na kishikwambi kifuani. Hashuki. Anahesabu akiwa amekaa, anapiga picha, anamwambia Sidonia, "Hongera mama, umeonyesha mfano," na kuondoka.

Vumbi lake halijatua, Dorkasi keshaanza kufukua.

Mwarobaini wake mmoja, wenye tawi lililovunjika upande wa kushoto, umeshapigwa picha kwenye viwanja kumi na tisa. "Una picha nyingi kuliko mimi," anasema. "Mimi ninayo ya kitambulisho tu, nayo nimetoka kama nimeiba kitu."

Hakuzaliwa na ujanja huu. Alikuja kutoka Mlali, wilaya ya Kongwa, miaka kumi na moja iliyopita, akiuza karanga za kukaanga kwa mafundi ujenzi. Baadaye akaanza kuotesha miche kwenye makopo na kuiuza kwa haki kabisa. Siku moja mteja alimrudishia mche mkononi. "Akaniambia, huu umeshakaguliwa, nipe nusu ya hela yangu. Nilimtukana. Alipoondoka nikakaa chini nikafikiri. Kumbe alikuwa amenifundisha kazi."

Ameruhusu jina lake litajwe gazetini. Alipoulizwa kama haogopi, alisema wateja wapya watampataje asipotajwa.

Sasa tatizo. Dorkasi naye ana kiwanja. Alikilipia kidogo kidogo, na miaka yake mitatu inaisha Jumamosi hii. Kiwanjani pana kibanda cha mabati cha muda, jiko la nje, na mume wake Damiani. Miti hakuna.

Sababu ya kutokuwepo miti ni mbuzi tisa wa Damiani.

"Usiwaite mbuzi," anasema Damiani, mwanamume mrefu asiye na haraka, aliyechunga tangu alipoweza kutembea. "Hao ni mabati. Yule mwekundu ni mbao za kenchi. Tukipata kibali nawauza wote, nyumba inaezekwa siku tatu."

"Wamekula miti kumi na mmoja, Baba Lydia," anasema Dorkasi.

"Serikali inataka miti. Mimi nataka mabati. Mbuzi wanataka miti. Sasa hapo wanaoelewana ni serikali na mbuzi. Mimi nimeingiaje?"

Ukaguzi wa kwanza wa kiwanja chao ulifanyika Julai. Dorkasi alizika ndoo tano kama anavyozika kwa wengine, kwa uangalifu zaidi. Lakini mbuzi mwekundu, yule wa mbao za kenchi, alikuwa ameparua udongo alfajiri. Ernest aliona weupe wa ndoo. Siku hiyo alishuka kwenye pikipiki. Akachukua kijiti, akagonga chini. Ikalia ngo. Akagonga ya pili. Ngo.

"Mama," alisema, "wewe umepanda ndoo."

Kwenye fomu aliandika hivyo hivyo: miti hakuna, ndoo tano. Kisha kwenye mkutano wa mtaa alimsimamisha Dorkasi mbele ya watu na kuwaambia kwamba nchi haiwezi kujengwa na wadanganyifu. Watu walipiga makofi. Kwa hesabu ya Dorkasi, waliopiga makofi kwa nguvu zaidi walikuwa wateja wake wanane.

Ukaguzi wa mwisho ni Alhamisi. Ernest ameahidi kuja na jembe. Asiposaini, Jumamosi kiwanja kinarudi ofisini, na Dorkasi na Damiani watarudi Mlali na mabati yao yanayotembea.

Kwa hiyo Jumatatu Dorkasi alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu aanze biashara hii. Alichagua miti yake mitano mizuri kuliko yote, akachukua kisu, akapasua ndoo, miti yenyewe akaipanda ardhini. Kweli kweli. Ardhini.

"Nilikuwa kama mtu anayeozesha," anasema. "Unafurahi, lakini unajua hairudi."

Aliizungushia miiba. Aliimwagilia maji ya kuoshea vyombo, na majivu akaweka kwa ajili ya mchwa. Damiani, bila kuombwa, aliwafunga mbuzi wote tisa kamba. Walilia siku tatu. Jirani mmoja alidhani kuna msiba.

Jumatano, mwanamke asiyetaka kutaja jina alipiga simu. Alitaka miti mitano, upesi, iwe mirefu. Dorkasi alimuuliza ni ya siku moja au mbili, simu ikakatika. Baadaye kidogo guta likaja na hela taslimu, likapakia ndoo tano na kuondoka kuelekea upande wa nyumba zenye geti.

"Wenye geti ndio wanaoona aibu," anasema Dorkasi. "Huwa siulizi."

Alhamisi saa nne asubuhi, Dorkasi amevaa gauni la kanisani. Amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaeleza nyumba anayoitaka: vyumba vitatu, baraza upande linakochwea jua, na tangi la kukinga maji ya mvua. "Nikipata kibali, naacha kukodisha. Nitauza miche kwa watu wanaoishi pale pale wanapopanda. Mtu akilala karibu na mti, mti haufi. Hilo hata mbuzi analijua." Anaipigapiga ndoo aliyokalia. "Labda nitabakiza ndoo mbili. Kwa dharura."

Damiani amemfundisha cha kusema. Wakimuuliza miti ilipandwa lini, ajibu mwaka jana, mvua za kwanza. Amemkaririsha mara nne kama mtoto wa mafundisho ya Komunyo.

Badala ya pikipiki, linakuja gari. Anashuka Ernest na jembe, na nyuma yake mkuu wake, Anitha, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kutembelea vumbini na uso usiotoa habari yoyote. Leo anazunguka kuona kazi za maofisa wake.

"Shikamoo mama," Anitha anamwambia Dorkasi.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kiti ni ndoo, lakini ni safi."

Anitha anakaa kwenye ndoo. Ernest anaanza kuchimba kando ya mti wa kwanza. Udongo. Anachimba wa pili. Udongo. Kufikia wa tano shati limelowa na pasi yote imepotea. Anasimama, anaegemea jembe.

"Ilipandwa lini?"

Damiani, aliyesimama kwenye mbuzi wake, anamhimiza kwa kichwa. Dorkasi anafungua mdomo.

"Jumatatu," anasema.

Damiani anatazama juu, kama mtu anayetafuta wingu.

"Jumatatu ipi?"

"Hii iliyopita. Niliambiwa niseme mwaka jana, lakini mwaka jana ilikuwa kwenye ndoo. Sasa haimo. Ukitaka kunipiga, piga, lakini imo ardhini."

Ernest anafunga fomu. Anamgeukia Anitha, na sauti yake inakuwa ile ya mkutanoni. "Mkuu, hii siwezi kusaini. Mti wa Jumatatu si mti, ni mgeni. Watu wanataka njia ya mkato. Mimi kwangu nimemwagilia miaka minne, asubuhi na jioni, kwa mikono hii, na mshahara wenyewe mkuu unaujua."

"Nimeiona," anasema Anitha. "Nimepita kwako asubuhi hii, wewe ulikuwa umeshatoka. Mitano, imependeza. Nikapiga picha nimpelekee mkurugenzi, awaonyeshe wengine."

"Nashukuru mkuu."

"Ile ni miti gani, Ernest?"

Ernest anafikiri kwa muda mfupi sana. "Miembe, mkuu."

"Yote?"

"Yote. Mwaka huu naona itazaa."

Anitha anatoa simu yake. Anaivuta picha kwa vidole viwili, anaitazama, anamtazama Ernest, anaitazama tena. Kisha anampa Dorkasi. "Mama, wewe ndiye unayejua miti. Nisaidie. Hii ni miembe?"

Dorkasi anapangusa mikono kwenye gauni la kanisani. Anaishika simu kwa mikono miwili. Anaitazama kwa muda mrefu, na uso wake unalainika kama wa mama aliyeona watoto wake mahali asipotegemea.

"Mitatu ni miarobaini," anasema. "Miwili ni miashoki." Anarudisha simu. Halafu, kwa upole kabisa, "Ofisa, jana shemeji alikata simu kabla hatujamalizana. Ni ya siku moja, au unakaa nayo mpaka kesho?"

Ernest anahamishia jembe mkono wa pili.

"Mkuu," anasema Ernest, "mambo ya miti pale nyumbani anashughulikia mke wangu."

"Kwa mikono hii," anasema Anitha.

"Tunasaidiana."

Anitha anasimama kutoka kwenye ndoo, anajipangusa vumbi, ananyoosha mkono. "Utaratibu unasema miti mitano hai, kiunoni. Nimehesabu mitano. Haukutaja Jumatatu. Lete fomu na kalamu, nisaini mwenyewe."

Fomu inatoka upesi. Kuhusu kalamu, Ernest anasema samahani sana mkuu, leo ameisahau ofisini. Na anayasema hayo akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima, huku wote tukiitazama kalamu yenyewe, ya bluu, imebanwa kwenye mfuko wa shati lake.