Kikohozi cha Kasuku wa Majengo

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kupangusa matako ya kuku. Nilikuwa msaidizi katika maabara ya utafiti wa magonjwa ya ndege, nje kidogo ya jiji. Kila asubuhi nilivaa koti jeupe, nikachukua kijiti chenye pamba nchani, nikamshika kuku mbawa, nikamwinamisha na kufanya kilichonileta. Kijiti kiliingia kwenye chupa ndogo, chupa ikaandikwa namba, na kuku akarudishwa kizimbani akiwa amenuna.

Nyumbani kwetu Huruma, upande wa mashariki wa jiji, mama aliwaambia akina mama wa kanisani kwamba nafanya udaktari. Baba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Ukambani asiyetia chumvi popote isipokuwa kwenye chakula, na yeye aliwaambia rafiki zake ukweli wote. Mgeni akiniuliza habari za kazi nilimtazama kwanza nijue kama ni wa upande wa mama au wa baba.

Mkubwa wangu alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu, mpole, isipokuwa katika jambo moja: kunawa mikono. Ukiingia, "Umenawa mikono?" Ukitoka, "Umenawa mikono?" Niliwahi kumsikia akimuuliza fundi wa simu aliyekuwa juu ya ngazi. Kuku aliwajua kama mzazi anavyowajua watoto wake. Kuku mwenye ugonjwa wa kideri alimtambua kwa namna alivyosimama tu. Lakini miaka ya themanini ilipoanza alipata wazo la kutafiti homa ya kasuku, ndege ambaye hakuwahi hata kumshika, na hapo ndipo vituko vilipoanza.

Homa hiyo huletwa na bakteria mdogo sana anayekaa ndani ya ndege. Ndege anaweza kuonekana mzima, anakula, anaimba, lakini kinyesi chake kikikauka kinakuwa vumbi, na mtu akivuta vumbi lile anashikwa na homa, kichwa kinamgonga, kifua kinakohoa kikohozi kisichosikia dawa ya dukani. Daktari alitaka kujua kama ugonjwa huo uko mjini, kwenye ndege wanaofugwa majumbani.

"Wewe ni mtu wa Eastlands," aliniambia. "Huko kwenu hakuna kasuku?"

"Wako, Daktari."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Kwa kweli nilimjua huyo mmoja tu. Aliishi mtaa wa Majengo, katika hoteli ya chai ya mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye kila mtu alimwita Bibi. Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Dereva mmoja wa malori alimtoa Zaire, akamwacha pale "kwa dakika tano", na hakuonekana tena. Tundu lake lilikaa juu ya kabati la mahamri. Aliwasalimia wateja kwa Kiswahili na kuwatukana kwa Kilingala. Hakuna aliyekijua Kilingala, lakini hakuna aliyekosa kujua kwamba ametukanwa.

Tulikwenda mimi na Daktari asubuhi moja. Tukaagiza chai. Daktari hajainua kikombe, kasuku akakohoa.

Sijasikia tena kikohozi kama kile. Kilianzia mbali, kama lori la takataka linalopanda mlima, kikaja kikinguruma, kikapasuka mara tatu, kisha kikamalizikia kwa mluzi mwembamba na mguno mrefu wa kusikitisha. Daktari aliweka kikombe chini.

"Umesikia mapafu hayo?" alininong'oneza.

"Daktari, kasuku huiga," nikasema.

"Huiga maneno," akasema. "Mapafu hayaigwi."

Mimi nilikuwa na cheti kipya na yeye alikuwa na shahada tatu, kwa hiyo nikanywa chai yangu.

Kumpata kasuku haikuwa rahisi. Bibi alisikiliza maelezo yote ya Daktari, kinyesi na vumbi na homa, huku akiendelea kumimina chai bila kumwaga tone. Kisha akanigeukia mimi.

"Binti, huyu ndiye hoteli. Mimi napika chai tu. Watu wakikuta tundu tupu watavuka barabara waende kwa yule mwenye redio. Mnamtaka kwa muda gani?"

"Wiki sita," Daktari akasema.

"Wiki sita! Kwani anakwenda kusoma?"

Daktari akaeleza tena habari za homa. Bibi akafikiri, akafuta mikono kwa leso yake. "Basi niachieni kitu humo ndani. Kitu chochote chenye mdomo."

Ndipo nikamwendea baba. Alikuwa amechonga vifaru na twiga maisha yake yote, kasuku bado. Aliuliza swali moja tu: "Husimama vipi?"

"Kama mtu anayekuamkia huku akikudharau," nikamwambia.

Baba akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyepewa kazi ya maana, na siku tatu baadaye kasuku wa mti alikuwa tayari. Kijivu kilipatikana kwa majivu yaliyochanganywa na gundi. Wekundu wa mkia ulitoka kwenye chupa ya rangi ya kucha ya dada yangu, chupa ambayo mama hakujua kuwa imo nyumbani mwake. Kesi hiyo ilisikilizwa kando, na sikuwa shahidi.

Tukabadilishana. Kasuku wa damu aliingia Land Rover ya ofisi akitukana, na wa mti akakaa tunduni, amefunikwa nusu kwa kanga. Bibi aliwatangazia wateja kwamba kasuku anatumia dawa na amekatazwa kusema. Watu wakaamini. Walimletea karanga za kumpa pole, na Bibi akazila. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja mstaafu aliyekuja pale kila asubuhi kwa miaka mingi, akitukanwa na kujibu. Wiki ya kwanza alihangaika. Wiki ya pili nilimkuta amekaa mbele ya tundu, ametulia, anakunywa chai yake.

"Siku hizi ana adabu," aliniambia. "Nilijua tu kuwa ipo siku maneno yangu yatamwingia."

Kule maabara mambo hayakuwa na adabu hata kidogo. Siku ya kwanza kasuku aliniuma kidole gumba nilipompangusa koo, na nilipohamia upande wa pili alisema neno refu la Kilingala ambalo nalikumbuka mpaka leo na sijathubutu kumuuliza mtu maana yake. Tulichokitoa tulikidunga ndani ya mayai yenye vifaranga wachanga, kwa sababu bakteria huyu hakui kwenye sahani ya maabara; anataka kitu chenye uhai. Kisha tukasubiri.

Wakati tukisubiri, kasuku alikuwa anasikiliza. Wiki ya pili niliingia chumbani kwake na ndoo nikasikia sauti ya Daktari, nzito, karibu kabisa na sikio langu: "Umenawa mikono?" Nikakimbia kwenye bomba. Niliporudi, "Umenawa mikono?" Nikarudi bombani. Mara ya tatu ndipo nilipokumbuka kwamba Daktari alikwenda mjini tangu saa mbili.

Tulifanya kazi na mikono iliyochubuka. Hata ukijua ni ndege, sauti ile ilikuwa na mamlaka, na miguu ilikwenda yenyewe. Siku moja alikuja mgeni kutoka wizarani, bwana wa suti na tai, kukagua. Nilimwingiza, na kabla sijamweleza chochote kasuku akamuuliza. Mgeni akaomba radhi, akaenda kunawa. Akarudi, akaulizwa tena. Akaenda tena, safari hii akavua koti na kusugua mpaka viwiko. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi nisicheke. Bwana yule aliondoka akisifu nidhamu ya maabara yetu, na Daktari, aliyekuwa akiandika chumba cha pili, alifurahi sana bila kujua kilichosifiwa.

Majibu yalipotoka, kasuku alikuwa safi. Tukarudia kwa mayai mengine. Safi. Lakini kila asubuhi alikohoa lile lori lake la takataka na mguno wake. Daktari akachukua chombo cha kusikilizia kifua, akakiweka mgongoni mwa ndege, akafumba macho. Kasuku akakohoa. Daktari akafumbua macho.

"Mapafu yamekaa kimya," akasema taratibu. "Kelele inatoka kooni tu."

Nilipanga vijiti vyangu.

"Haya," Daktari akasema. "Sema."

"Kasuku huiga, Daktari."

"Kama anaiga," akasema, na nikaona uso wake ukibadilika, aibu ikipisha kitu kingine, "basi yuko mtu anayekohoa hivyo. Twende Majengo."

Tulikaa kwenye meza ileile. Daktari kwa adabu yake alimwamkia kasuku wa mti kabla ya kukumbuka. Bibi akaleta chai. Hatukungoja sana. Nyuma ya pazia la jikoni kikaanza kitu kunguruma mbali, kikapanda, kikapasuka mara tatu, kikaja mluzi, ukaja mguno. Mimi na Daktari kwa mazoea tuligeuka kutazama tundu. Wa mti alikuwa ametulia. Kisha pazia likafunguka, akatoka mzee mwembamba na sinia la mahamri. Alikuwa kaka yake Bibi, mpishi wa pale, mtu ambaye sikuwa nimemwona kwa sababu hakutoka jikoni ila kwa dharura.

"Mzee," Daktari akasema, "kikohozi hicho unacho tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Nilipewa dawa, nikapona nusu."

"Na homa?"

"Huja, huenda. Wanasema ni moshi wa jiko."

"Wewe humshika kasuku? Humsafishia tundu?"

"Huyo?" Mzee alikasirika. "Ananikejeli! Nikikohoa anakohoa. Mpaka wateja wanacheka. Mimi hata simkaribii."

"Na ndege wengine?"

Hapo uso wa mzee ulichanua. Aliweka sinia mezani na kusema, "Njooni."

Uani, kuanzia chini mpaka kwenye mabati, ukuta mzima ulikuwa masanduku ya mbao, na kila sanduku lina njiwa. Weupe, wa madoa, wenye vilemba, wenye miguu ya manyoya. Mzee alituambia kwamba kila alfajiri hufagia masanduku yote kwa ufagio mkavu, yeye mwenyewe, akiziba mlango wa kila sanduku kwa kichwa na mabega njiwa wasitoroke. Alichukua ufagio kutuonyesha. Daktari alimshika mkono, polepole, akatoa leso mfukoni na kujiziba pua, kisha akanipa nyingine.

"Una vijiti vingapi?" akaniuliza.

Niliwapangusa wote. Mzee alinishikia mmoja baada ya mwingine, akimwomba kila mmoja msamaha.

Safari hii mayai yalijibu. Vifaranga walikufa ndani, na kwenye hadubini tuliwaona bakteria tuliokuwa tukiwatafuta, kutoka kwa njiwa mmoja baada ya mwingine. Daktari aliandika barua, mzee akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya kifua ambayo haikuonyesha kifua kikuu, alichokuwa akikiogopa kimyakimya kwa mwaka mzima, na akapewa dawa inayofaa. Baada ya wiki tatu kikohozi kiliisha. Bibi aliniambia jikoni kulinyamaza hata akawa anafunua pazia kuhakikisha kaka yake hajaondoka.

Kasuku tulimrudisha. Kikohozi cha mzee alikuwa nacho bado, mwenyewe mzee hana. Aliwauliza wateja wote kama wamenawa mikono, na fundi cherehani alihuzunika kuona adabu yote imepotea kwa siku moja. Bibi alikataa kumrudisha yule wa mti. Alimweka upande wa pili wa kabati, na kasuku wa damu akamtukana mchana kutwa bila kujibiwa.

Mzigo ulikuwa njiwa. Ofisi moja ya serikali ilisema wachinjwe. Mzee alikaa mlangoni pa ua, akakunja miguu, akasema waanze na yeye. Daktari alikuna kidevu, kisha akasema wanaweza kutibiwa kwa chakula chenye dawa, mradi yupo mtu wa kuja kila siku kusimamia. Wote wawili wakanitazama mimi.

Basi nilipanda ngazi kwenye masanduku yale wiki baada ya wiki, uso umefungwa leso, nikigawa mahindi yenye dawa na kumfundisha mzee kulowesha kinyesi kabla ya kukifagia. Yeye alinifuata akiwa chini ya ngazi, akinisimulia ukoo wa kila njiwa, nani kamwacha nani, nani kalea mayai ya nani. Baada ya muda nikawa nauliza mwenyewe. Nikifika Huruma nilimsimulia baba, na yeye, kwa mara ya kwanza, alimwambia rafiki yake kwamba bintiye anatibu.

Vipimo vya mwisho vilipotoka safi, Daktari alikuja mwenyewe kutoa habari. Mzee alifungua masanduku yote kwa pamoja. Njiwa wakaruka juu ya mabati, wakazunguka kuelekea soko la Gikomba, wakarudi, na sisi tukawa tumesimama uani na vichwa vimeinuka. Kitu cheupe kikadondoka kwenye bega la Daktari, juu ya suti yake nzuri. Mzee akashika mdomo kwa hofu. Bibi akatafuta kitambaa.

Daktari alitazama bega lake kwa makini, kama anavyotazama sahani ya maabara.

"Hakuna neno," akasema. "Hiki nimekipima."