Neno Alilolitafsiri Shemeji

Shemeji yangu alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, akastaafu, ila Kiingereza chenyewe kikakataa kustaafu. Mtaa mzima ulimwita Kamusi. Barua ya korti, maelezo ya pasi ya umeme, vyote vilipita mezani kwake, na ole wako useme umeelewa kabla hajakueleza.

Dada yangu, mkewe, alikuwa na kidonda mguuni. Hospitali wakachukua usaha, wakaupima, na majibu yakatoka kwa Kiingereza, pamoja na dawa. Bahati iliyoje! Muuguzi alipotaka kueleza, shemeji akamkata kauli: "Binti, waliokufundisha wewe niliwafundisha mimi."

Nyumbani akavaa miwani. Karatasi ilitaja dawa mbili. Kando ya ile tuliyopewa iliandikwa "susceptible". Kando ya nyingine, "resistant".

"Hili la kwanza," akasema, kidole juu, "ni mtu anayedhurika upesi. Mtoto kwa mafua, bibi kizee kwa baridi. La pili ni imara, anayehimili. Kwa hiyo, mama watoto, dawa waliyokupa itakudhuru. Hii nyingine unaiweza."

Nikauliza, "Shemeji, tusimpigie muuguzi?"

"Wewe hata kamusi hujui inafunguliwa upande gani."

Sikupiga simu, na najilaumu mpaka leo. Dawa ya hospitali akaifungia kabatini, akaenda kununua ile nyingine. Dada akaimeza siku kumi kwa adabu zote, huku mguu ukivimba na kutoa harufu. Mumewe akausifu uimara wake.

Siku ya kumi na moja tulimbeba. Muuguzi yuleyule akaisoma karatasi, akashusha pumzi.

"Mwalimu, anayedhurika upesi hapa ni mdudu wa kidonda, si mgonjwa. Dawa tuliyowapa ndiyo inayommaliza. Hii uliyonunua, mdudu anaihimili."

Mtu aliyechapa watoto wa watu viboko kwa kutojua kiima cha sentensi, hakuwa amejiuliza kiima ni nani. Nilitamani kumzaba kofi, ukwe au si ukwe. Dada yangu alikatwa vidole viwili vya mguu.

Baada ya siku tatu yakaja majibu mapya wodini. Shemeji akainuka, akatoa miwani mfukoni, akanyoosha mkono. Dada akaichukua karatasi yeye, akampa muuguzi.

"Nisomee wewe, mwanangu," akasema. "Kwa Kiswahili, nisikie mwenyewe."