Nyanya Mbichi za Safari

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aivishaye kila kitu kwa majira yake, kwa kunifikisha umri huu nikiwa bado na pua ya kunusa. Kila nipitapo soko la Mwanjelwa, harufu ya nyanya hunirudisha Ilula, kwenye kibanda cha mama kando ya barabara kuu.

Nilikuwa darasa la tano, na Kiingereza kilikuwa kimenishinda. Tulisoma kwa kuitikia wote pamoja, nami nilifumbua mdomo tu kama samaki. Mwalimu Atupele, Mnyakyusa mpole aliyehamia kwetu kutoka Tukuyu, alilitambua hilo mapema. Wenzangu walipoendelea na kitabu, mimi alinikalisha dirishani na picha alizochora mwenyewe: tenga, nyanya, basi, abiria. Saa ya mapumziko alikuja kunisikiliza, taratibu, mimi na yeye tu. Wenzangu wakaniita Bi Nyanya. Mwalimu wa hesabu naye alimtania Mwalimu Atupele mlangoni: darasa limejaa hivi, atampikia kila mtoto chungu chake? Akajibu kwamba chungu ni kimoja, ila wengine hawajaota meno.

Mama aliposikia nimetengwa na wenzangu, aliona aibu. Akaamua niache shule, nikauze nyanya.

Jioni moja mwalimu alikuja kibandani. Wakasalimiana, "Kamwene," "Kamwene," kisha akaketi akimtazama mama akichambua. Zilizoiva mama aliziweka mbele, kwa wasafiri. Zenye ukijani alizipanga tengani kwa uangalifu.

"Mama, hizi mbichi huzitupi?"

Mama akacheka. "Nitupe? Mwalimu, biashara huijui. Hizi ndizo za Dar es Salaam. Zilizoiva hazifiki."

"Basi na huyu usimtupe. Nimemtenga kama unavyozitenga hizo."

Mama aliendelea kupanga, mkono ukienda polepole zaidi. Asubuhi nilikuta sare yangu imepigwa pasi.

Siku zile nilidhani Mwalimu Atupele hapendi chai, maana kila mapumziko alikuwa nami dirishani. Nilipokuja kufundisha mwenyewe hapa Mbeya, koo limekauka kwa vumbi la chaki na watoto wamenizunguka, ndipo nilipojua jinsi mwalimu anavyoitamani ile chai.

Nawe unayesoma, Mungu akupe mtu wa kukungoja hadi uive, na akujalie subira ya kumngoja mwingine. Amina.