Begi langu liliwika Kamina: siku niliyoacha kujiita msafiri wa peke yangu

Wakuu, heshima kwenu wote. Kabla sijafungua macho nilisikia jogoo akiwika, na alikuwa akiwika ndani ya begi langu.

Sitii chumvi. Nikiwadanganya kalamu yangu ikauke, na mnajua sina shamba lingine.

Nianzie mbali kidogo.

Mimi ni kijana wa Morogoro, naandika riwaya. Ya kwanza imesomwa na watu kumi na wawili, wanane kati yao ni ndugu zangu. Kutafuta ya pili nilifunga begi nikaamua kuzunguka nchi za joto na mvua peke yangu, backpacker kamili: Uganda, Rwanda, Burundi, halafu Congo. Miezi saba, hema mgongoni, sina mwenza wala mwenyeji.

Upweke wangu niliupenda kama mtu anavyopenda shati jipya. Niliupiga pasi kila asubuhi.

Nilifika Kamina nikitokea Kinkondja, mtumbwi kisha pikipiki, nikinuka samaki mpaka kwenye kope. Viza ilikuwa imebakiza siku nne. Mpango ulikuwa treni ya asubuhi iliyofuata mpaka Lubumbashi, kisha mpaka wa Zambia.

Treni hiyo ikinipita, nyingine hakuna aliyejua itakuja lini. Ukiuliza stesheni wanatazama mawinguni, kana kwamba umeulizia mvua.

Nilipata chumba kwa Papa Kasongo, aliyeendesha treni hadi macho yalipogoma, na mkewe Mama Ngoie. Jioni tukakaa kula bukari, ndiyo ugali wao, kwa samaki na kisamvu.

"Mwana yangu, weye uko na nani?" Mama Ngoie akauliza.

"Niko peke yangu, Mama."

"Bibi iko wapi?"

"Sina mke."

"Na nani njo alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Tonge lake likasimama hewani. "Eh! Muntu mukubwa hivi, hakuna hata muntu moja anamutuma! Papa, unasikia?"

"Labda aliiba kitu kwabo," Papa Kasongo akasema, akaendelea kula kwa amani.

Mama akanitazama kwa huruma kubwa sana. Kisha, bila sababu niliyoiona, akaanza kunisimulia watu wa njia ya reli.

"Pa Bukama kuko dada yangu, Mama Kyungu. Amezaa juzi. Sauti yake iko ya mwanaume, utamusikia mbele ya kumuona. Pa Luena, Papa Banza, muguu moja iko mufupi. Pa Likasi, Mwepu, fundi ya saa. Saa yake mwenyewe haitembeake."

Wakuu, nikaona wahusika wa riwaya. Niliruka kuchukua daftari la riwaya nikaandika kila kitu.

"Njo vile," Mama akasema, yaani ndivyo hivyo, amefurahi. "Andika muzuri."

Nikawaza, mwanamke huyu anaipenda fasihi! Alinipa watu saba, kila mmoja na kituo chake na kilema chake. Nililala nikiamini riwaya ya pili imejiandika yenyewe.

Sasa tufike kwenye jogoo.

Alfajiri nikafungua begi. Hema hakuna. Sufuria yangu na jiko la safari, hakuna. Kulikuwa na kikapu chenye jogoo mwekundu, samaki wakavu ndani ya gazeti, karanga, chupa ya mawese, mapazia mawili, viatu vya mtoto, na mfuniko wa sufuria ya mtu.

Mfuniko tu.

"Sufuria iko Likasi," Mama Ngoie akaeleza kutoka mlangoni, kama jambo lililo wazi kabisa.

Nikachungulia uani. Hema langu lilikuwa limesimama vizuri kuliko nilivyowahi kulisimamisha mimi, na chini yake mihogo ya Mama imeanikwa salama, mvua isiiguse.

"Mama, mimi nasafiri peke yangu," nikasema.

"Njo maana tunakusaidia. Nilipita kwa majirani yote, banatuma vitu kwa bale bantu uliandika. Sasa unatumwa sawa bantu." Yaani kama watu wengine.

Wakuu, hapa ndipo nilipokosea. Kiburi kilinipanda. Nikashukuru sana, nikaomba radhi sana, nikatoa mizigo yote. Hema nikalikung'uta unga wa mihogo, nikalifunga begini pamoja na sufuria na jiko langu. Jogoo alinitazama kama mhakiki.

Stesheni ilikuwa imefurika. Mlangoni pa behewa alisimama kondakta, filimbi mdomoni. Nikamwonyesha tiketi.

"Pa Bukama nani anakungoja?"

"Hakuna."

"Pa Likasi?"

"Hakuna."

"Basi weye hauwezi kuchelewa. Ungoje treni ingine."

"Nina tiketi! Viza yangu inaisha!"

"Viza yako iko na njaa? Huyu mama anabeba unga ya batoto." Akampisha mama mmoja mwenye magunia matatu. Kwenye njia hiyo, nafasi zikibana, anayebeba vitu vya watu hutangulia. Mimi, na miezi yangu saba ya uhuru, nilikuwa mzigo ambao hakuna aliyeuagiza.

Niliona viza yangu ikifa pale pale, karibu nilie.

Ndipo nikasikia jogoo. Naijua sauti yake.

Mama Ngoie alikuwa anakuja anahema, beseni lenye mizigo ile yote kichwani, jogoo juu ya beseni. "Weye! Umesahau bantu yako!"

Kondakta akacheka. "Mama, usinidanganye. Huyu hajue hata muntu moja."

"Umuulize."

Nikafungua daftari la riwaya. Nikasoma. Mama Kyungu wa sauti nzito. Papa Banza wa mguu mfupi.

"Njo yeye!" mtu akapiga kelele behewani. "Anatupitaka na ule muguu!"

Nilipofika kwa Mwepu na saa yake, jukwaa zima lilikuwa likicheka, na watu wakadai niendelee. Wakuu, sijawahi kupata wasikilizaji namna ile.

"Saba," kondakta akasema. "Huyu hapana muntu moja. Huyu iko kijiji. Panda!"

Nafasi ya vyote haikuwepo. Nikalitoa hema begini, nikamrudishia Mama Ngoie.

Somo? Kuna watu ambao kwao kukutuma ni kukuheshimu, na mimi heshima hiyo niliitoa begini nikaiweka sakafuni kwa watu. Mizigo yote ilifika. Mfuniko ulikutana na sufuria yake nikishuhudia. Mpaka wa Zambia niliuvuka viza ikiwa na saa chache za uhai.

Nipigeni mawe, nimestahili. Na kama uliwahi kusafiri "peke yako" kisha ukatua na kuku wa mtu, shusha ushuhuda wako hapa chini, tusiaibike wachache.

Ila sijawaambia jambo moja. Mama Ngoie alipanda behewani kunipangia mizigo, akamweka jogoo mapajani pangu, akanifuta unga shavuni kwa kanga yake.

"Usimule njiani," akasema.

Akashuka na hema langu kichwani. Kondakta akaufunga mlango nyuma yake, na kwa mara ya kwanza katika miezi saba nikawa peke yangu kweli.