Nyasi za Kila Desemba

Tulikuwa watano tuliolala kona moja ya bweni, katika shule moja ya upili hapa Kisii, wakati Uhuru ulikuwa bado mbichi na kila mmoja wetu akiamini atakuwa waziri. Wawili wakaenda jeshini. Wa kwanza aliletwa kwao Nyamache kwenye lori la jeshi, ndani ya sanduku. Tulimchimbia kaburi kwa mikono yetu, tukamlilia tukamaliza. Wa pili ndiye aliyenishinda kumlilia. Huyo alilala kitanda cha juu, mimi cha chini, akaninyima usingizi miaka minne.

Alikuwa mrefu kupita kiasi. Ukifumbua macho asubuhi, kitu cha kwanza ni nyayo zake zinaning'inia mbele ya pua yako. Na alikuwa mlafi, Mungu anisamehe. Ndizi za mama yangu alizinusa kabla sijafungua kikapu, akachukua bila kuomba, akaketi juu ya miguu yangu akila. Nikifoka ananiambia, "Wacha uchoyo, kwani sisi si ndugu?" Lakini nilipougua malaria ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati, njia nzima akinitukana kwamba nimekuwa mzito kwa ndizi ninazomficha. Nilimpenda mtu yule, acha niseme wazi.

Tulipomaliza kidato cha nne tulikwenda pamoja uwanjani mjini Kisii, wanajeshi walipokuja kuchagua vijana. Yeye alipimwa urefu mara moja tu, akaandikwa kwa chaki kifuani. Mimi ofisa aliyatazama magoti yangu yanavyogongana, akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka. "Wewe nenda kafundishe watoto," akasema. Na kweli nikawa mwalimu, karibu na kwetu Mosocho. Mwenzangu alipelekwa kaskazini kupigana na mashifta, wale waasi wa mpakani. Aliniandikia barua mbili. Ya pili iliuliza habari za ndizi.

Halafu kwao Ekerenyo ikafika barua ya serikali: hajulikani alipo. Haikusema amekufa, na mama yake alilishika hilo kwa mikono miwili. Alikuwa mjane mfupi mwenye ulimi wa upupu, na sote tulimwita Mama. "Ng'ombe hupotea akarudi," alituambia, "sembuse mtu aliyesoma?"

Kijana wa Kigusii ambaye hajaoa huwa na esaiga, kijumba chake mwenyewe uani kwa mama. Esaiga ya rafiki yetu ilikuwa pale pale, kitanda kimetandikwa. Kila Desemba mama alikandika kuta upya, nasi wanafunzi wenzake watatu tuliobaki tulimpelekea nyasi za kuezekea paa. Mimi ndiye niliyepanda juu, maana nilikuwa mwepesi. Wenzangu walinirushia matita ya nyasi, mama akisimama chini akitoa amri. "Hapo umeacha tundu, mwalimu! Unataka mwanangu anyeshewe?" Tukimaliza tulikula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, tukasimulia vituko vya bweni, naye akacheka kuliko sisi. Hakuna aliyetamka neno marehemu. Tulimezea, mwaka baada ya mwaka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mke wangu akajifungua mtoto wa kiume. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa. La aliye hai haliazimwi. Nami nililitaka jina la rafiki yangu. Nililitaka kwa uchungu, kama mtu anayedai haki yake. Mke wangu akaniuliza, "Umemwambia mama yake?" Nikamjibu nitamwambia Desemba, kuna haraka gani? Siku ya Sabato mchungaji akamwekea mtoto mikono, na jina likatajwa mbele ya kanisa zima.

Mjinga mimi! Nilisahau kwamba watu wa kanisa wana shangazi kila soko. Habari zilifika Ekerenyo kabla ya wiki mbili.

Desemba ile tulipofika na nyasi zetu, mama alikuwa amesimama mlangoni pa esaiga. Aliwapokea wenzangu wawili kwa mkono. Mimi aliniangalia tu.

"Wewe ubaki chini," akasema.

"Mama, mimi nili..."

"Serikali yenyewe imeogopa kusema. Wewe umesimama kanisani ukamzika mwanangu. Nani alikupa ruhusa?"

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami niliwafundisha watoto methali hiyo darasani kila mwaka! Nilikaa juu ya gogo, nikiwatazama wenzangu wanavyoezeka ovyo, machozi yakinitoka bila aibu. Chakula sikuitwa. Nyumbani nilitaka mtoto abadilishwe jina, mke wangu akakataa katakata. "Jina si shati," akasema. "Ngoja."

Tukangoja. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mtoto akiwa tayari anatembea, asubuhi moja nilisikia hodi. Alikuwa Mama wa Ekerenyo, peke yake, matope hadi magotini, na kikapu kichwani. Aliingia, akakataa kiti, akaketi kwenye mkeka.

"Sikuja kwako," akaniambia. "Nimekuja kumwona huyo aliyeketi kwenye jina la watu."

Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya mke wangu. Alichungulia, akakiona kikapu. Akatembea moja kwa moja, akatia mkono ndani bila kuomba, akachomoa ndizi. Kisha, naapa, akaketi juu ya miguu ya mgeni wetu na kuanza kula.

Nami nilikuwa sijawahi kumsimulia Mama habari za ndizi na miguu yangu. Tulimwona hana haja ya kujua ulafi wa mwanawe. Kumbe aliujua kabla yetu.

"Mlafi vile vile," akasema taratibu. Akamwita kwa jina. Mtoto akainua uso, mashavu yamejaa. Akamwita tena, na mara hii sauti ikakatika, akamkumbatia akalia kilio ambacho sikukisikia siku barua ilipofika. Mke wangu alilia. Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani.

Alishinda kwetu mpaka alasiri. Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimembeba mtoto, na gari lilipotokea akanigeukia.

"Desemba mje wote watatu, na huyu mje naye," akasema. "Lakini nyasi msilete. Ile nyumba iacheni ianguke."