Vipande Viwili vya Kushoto

Kwenye kile chumba cha mafundi cherehani, nyuma ya duka la vitambaa, walimwita Bwana Pasi. Nguo haikutoka mikononi mwake na kunyanzi hata moja, na shati lake mwenyewe lilikuwa na mstari wa pasi kwenye mikono ambao wenzake walisema ungeweza kukata mkate. Ndiyo maana alipoanza kuja kazini nguo zimejaa kunyanzi kama za mtu aliyelala nazo, wote waliona. Waliona, wakanyamaza. Watu wana midomo mirefu kwa mambo ya kijinga tu.

Hakufiwa. Hakuachwa na mke, hakufukuzwa kazi. Angekuwa na msiba, angalau angekuwa na la kujibu kila alipoulizwa, "Una nini, bwana?" Hakuwa na kitu, na hicho ndicho kilichomuumiza: kulia bila sababu, mtu mzima wa kuitwa babu. Asubuhi mwili ulikuwa mzito, chakula hakina ladha, na watu wa nyumbani kwake aliwaona kama wako upande wa pili wa kioo. Mkewe alimpeleka kliniki karibu kwa kumburuta. Daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake, sonona, akampa vidonge.

Na vidonge vilifanya kazi, tusivisingizie. Baada ya wiki kadhaa aliweza kuamka, kuoga, kula sahani ikaisha. Mkewe akawatangazia majirani, "Dawa imemkubali!" na habari ikafungwa hapo. Mtu akishakula akashiba, nani atamuuliza tena? Lakini mwenyewe alijua. Vidonge vilimtoa kitandani vikamfikisha mlangoni. Kutoka pale mlangoni mpaka kwa watu, alikuwa peke yake. Alirudi kwa daktari akaongezewa dozi, kinywa kikakauka, usingizi ukazidi, na kile kioo kikabaki palepale. Basi akajikaza, akajifanya mzima. Kazi za kukata alizikwepa, akabaki na kupunguza suruali na kubadilisha mipira ya kiuno.

Binti yake wa pekee ndiye aliyembana kwenye kona bila kujua. Alikuwa anaolewa, na tangu utotoni aliahidiwa kwamba gauni lake la harusi litashonwa na baba. Akaleta satini nyeupe yenye maua yaliyofumwa, kipande cha mwisho cha aina ile.

"Baba, kazi kwako!"

Kila jioni alipouliza, baba alimjibu, "Inakwenda vizuri." Haikwenda popote. Kitambaa kilikaa rafuni, na tarehe ilikuwa inasogea.

Siku alipopiga moyo konde akashika mkasi, akili haikuwepo. Alilaza karatasi ya mkato juu ya satini, akaifuata kwa mkasi, akakata upande mmoja wa kifua. Akailaza tena vilevile bila kuigeuza, akakata wa pili. Fundi yeyote anajua alichofanya. Alipata vipande viwili vya kushoto, na satini ile haikuwa ya kugeuzwa, maana ndani yake imefifia na nyuzi zinaning'inia. Kilichobaki hakikutosha kukata kifua kingine.

Katika chumba kile kosa la namna hiyo lilikuwa sherehe. Kuna fundi aliwahi kuweka zipu ya suruali nyuma badala ya mbele, na mpaka leo anaitwa Nyuma-Mbele hata na wateja. Bwana Pasi aliketi akingoja kicheko. Fundi wa cherehani ya jirani, mwanamke waliyemwita Mama Zipu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliviokota vile vipande akavilaza kimoja juu ya kingine. Hakucheka. Alivuta stuli akakaa karibu yake.

"Ndugu yangu, mbona hivi?"

"Nimechoka, dada."

"Umechoka kazi, au umechoka kuishi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kuishi," akasema, na machozi aliyodhani yamekauka yakamtoka mbele ya mafundi wote. Mtu mmoja akazima redio.

Mama Zipu aliifunika cherehani yake, wakaenda kliniki siku ileile. Njiani alimwambia kwamba mdogo wake wa kiume aliugua hivihivi, nao nyumbani wakaviachia vidonge vimlee. Hakuimalizia habari hiyo.

Daktari alimsikiliza safari hii mpaka mwisho. Asiache dawa, akamwambia, wala asiipunguze kwa kichwa chake. Ila kuna kazi ambayo dawa haiiwezi. Akamkabidhi kwa mnasihi, mtu wa kuzungumza na wagonjwa wa namna yake, na mnasihi akamwingiza kwenye kikundi cha wagonjwa waliokutana kila Alhamisi kwenye baraza ya nyuma. Mara za kwanza hakufungua mdomo, hata dereva mmoja wa lori akamtania, "Mzee, umetumwa kutuchunguza?" Alicheka kidogo, akashtuka kukisikia kicheko chake mwenyewe. Hakupona, nisidanganye. Alhamisi nyingine alirudi nyumbani na moyo mzito kuliko alivyokwenda. Lakini pale aliweza kusema "leo ni vibaya", na mtu akasogea karibu badala ya kumwambia ajikaze.

Ikabaki kumwambia binti. Alimwita kwenye chumba cha mafundi, wenzake wametoka kula, akavitandaza vile vipande mezani.

"Nimeharibu gauni lako, mwanangu. Na kila nilipokwambia sijambo, nilikuwa nakudanganya."

Hasira ilimpanda binti. "Kila siku nakuuliza, kila siku 'inakwenda vizuri'! Si ungesema tu, baba? Au mimi bado mtoto?"

"Niliona aibu."

Binti alilia, akapenga kamasi. Mwishowe akasema kitatafutwa kitambaa kingine, cha kawaida, na Mama Zipu atashona. "Lakini kunipima utanipima wewe."

Akainua mikono. Baba alimzungushia tepu kiunoni, na hapo akaona kwamba sketi aliyomshonea mwenyewe mwaka uliopita ilikuwa imebanwa kwa pini kubwa mbili, moja kila upande. Alipima. Akapima tena, akidhani amekosea. Mtoto alikuwa amekwisha, na walikuwa wanakula meza moja.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuumwa. Chakula hakipiti. Usiku nasimama mlangoni kwenu nasikiliza kama bado unapumua."

Tepu ilimponyoka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, baba? Mama alishasema umepona."

Bwana Pasi aliinama akaiokota tepu, na ilimchukua muda kunyanyuka.

"Alhamisi tutakwenda wote," alisema.

Binti aliitikia kwa kichwa, akafuta macho kwa bega, akainua mikono tena ili apimwe.