Uza Hii ya Zamani

Kila asubuhi, kabla hajaweka maji ya chai jikoni, Fortunée alichomeka penseli kwenye kitambaa chake cha kichwa, juu ya sikio la kushoto. Alifanya hivyo hata siku za wiki, wakati alikokwenda ni kiwandani kufunga vioo vya madirisha kwenye makaratasi, mahali ambapo hakuna mtu aliyemwomba apime kitu wala apige mstari. Binti yake Kethia alimwambia mara nyingi, "Maman, penseli." Naye alijibu, "Nimeiona," akaendelea kutafuta viatu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya penseli kweli. Humphrey alikuja kumchukua nyumbani kwake, mtaa wa Alief mjini Houston, akampeleka kitongoji cha Pearland kwenye gereji yake, ambayo haikuwa imeingiza gari tangu Januari. Humphrey alikuwa nesi, Mkenya, mtu wa kicheko cha karibu na miguu iliyovimba kwa zamu za hospitali. Walijuana kanisani. Siku aliyosikia kwamba mama huyu wa Uvira, Kongo, alikuwa seremala, kwamba baba yake alimfundisha kwa sababu nyumba yao haikupata mtoto wa kiume, na kwamba kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania alitengeneza vitanda na madawati ya shule, Humphrey alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Na sasa unafunga vioo kwenye karatasi? Mama Kethia, hiyo ni dhambi."

Basi wakaanza kutengeneza kabati za jikoni. Humphrey alileta gereji, mashine na wateja. Fortunée alileta mikono.

Benchi la kazi alilitengeneza mwenyewe, kwa boriti nzito zilizotoka kwenye ghala lililobomolewa. Halikutikisika hata ukilipanda. Kitu kimoja kilikosekana, nacho ni jiliwa, kile chuma cha taya mbili kinachofungwa ukingoni mwa benchi ili kibane ubao usikimbie randa. Humphrey alikiita vaisi. Fortunée alikiita eto, kama mafundi wa kwao walivyokichukua kwenye Kifaransa. Kwa kukikosa, alibana mbao kwa goti na kwa tumbo, na Jumapili akikaa kanisani mbavu zilimuuma kama mtu aliyepigwa.

"Vaisi chagua wewe," Humphrey alimwambia. "Wewe ndiye fundi. Mimi nachagua sindano kule hospitali, hapa unachagua wewe."

Maneno hayo Fortunée alikwenda nayo nyumbani. Miaka saba Houston, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia achague kitu cha kazi. Kiwandani walimpa glavu, akavaa. Walimwonyesha mstari wa kusimama, akasimama. Sasa alitaka kuona kama neno lile, fundi, lilikuwa neno la kweli.

Mwezi wa sita Humphrey alileta vaisi mbili. Moja ilikuwa mpya, ya buluu, yenye shingo inayozunguka na taya zenye meno, nayo aliiagiza mtandaoni. Ya pili ilikuwa ya mzee jirani, aliyekuwa akifunga nyumba ahamie kwa binti yake, mji wa Plano. Hiyo ilikuwa pana, nzito, imeshika kutu, na mpini wake wa mti ulikuwa umelika katikati.

"Mzee amesema tuijaribu," Humphrey alisema huku akitafuta funguo za gari. "Tukiipenda tuichukue. Tusipoipenda, nimsaidie kuiposti mtandaoni iuzwe, imtoke kabla hajahama. Zijaribu zote, halafu uniachie voisi kwenye simu. Niko zamu hadi jioni."

Fortunée alianza na ya buluu. Alibana kipande cha msonobari, akakitoa, akakiona kimetobolewa huku na huku kama mkate uliopitiwa na panya. Hiyo ilitengenezwa kubana vyuma. Akaigeukia ya zamani, akaipangusa kutu kwa mafuta. Taya zake zilikuwa laini, na kila moja ilikuwa na matundu mawili ya kufungia kibao, ili mbao ibanwe na mbao mwenzake. Alichana risiti vipande viwili, akaweka kimoja juu kati ya taya na kingine chini, akakaza polepole. Cha juu kilishikwa kwanza, kisha cha chini. Ndivyo baba yake alivyopima: eto nzuri inauma juu kwanza, ukiikaza inalala yote. Akazungusha mpini kwa mkono wake wa kushoto, ukaenda bila kukwama. Akacheka peke yake gerejini.

Kwa furaha hiyo alisahau Kiswahili cha kanisani, kile cha kuelewana na kila mtu. Alishika simu, na kinywa kikarudi Uvira.

"Kaka Humphrey, nimejaribu yote mbili, nimemaliza kuchagua. Uza hii ya zamani! Leo leo, mbele muzee ahame."

Humphrey aliisikiliza mara moja, kwenye korido, kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Jumamosi iliyofuata Fortunée aliingia gerejini akasimama. Jiliwa la buluu lilikuwa limefungwa kwa boliti nne zilizopenya benchi lake, tena upande wa kushoto, ambako mtu wa mkono wa kushoto kama yeye hawezi kuranda vizuri. Ndani ya taya kulikuwa na mlango wa kabati, wa mwaloni, wa mteja.

"Nimekuanzishia," Humphrey alisema, uso umejaa furaha.

"Ile ya muzee iko wapi?"

"Ilienda siku ileile! Jamaa wa kule mji wa Katy aliifuata ndani ya lisaa limoja. Mzee alifurahi sana."

"Ulimupatia mutu?"

"Nilimuuzia. Si ulisema uza?"

"Nilisema uza!"

"Ndiyo, nikauza!"

"Hapana! Nilisema uuze!"

"Mama Kethia, nimeuza, aki!"

Wakatazamana. Humphrey alitoa simu, akaicheza ile voisi tena, taratibu, sikio limeinama. "Ngoja. Kwani kwenu kuuza ni nini?"

"Kuuza ni unatoa franga, kitu kinakuja kwako."

"Hiyo ni kununua!"

"Na kama unatoa kitu, franga inakuja, hiyo ni kuuzisha."

"Wueh! Na sokoni kwenu mnaelewana vipi?"

"Siye tunaelewana. Ni weye umeuzisha eto yangu."

Humphrey alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo ya rangi. Fortunée naye alicheka, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Kicheko kilimwondolea uzito mkubwa, maana dakika ile ya kwanza alidhani amedharauliwa, kumbe ni neno tu limewapiga chenga.

"Basi tutafute ingine ya namna ile," alisema. "Ziko."

Humphrey hakuwa mtu wa uongo, na pengine alikuwa amechoka.

"Nikuambie ukweli, Mama Kethia? Hata ungesema nunua, singenunua. Ilikuwa kutu tupu. Wateja wanakuja hapa, wanapiga picha. Hii ya buluu nilikuwa nishaamua."

"Uliniambia nichague."

"Nilitaka ujisikie vizuri."

Alilisema kwa upole, kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa kwamba sindano haitauma.

Fortunée hakugomba. Alilegeza jiliwa, akatoa mlango. Meno yalikuwa yameacha safu mbili za vidonda kwenye mwaloni. Aliomba pasi ndani ya nyumba, akalaza kitambaa kibichi juu ya vidonda, akapitisha pasi mara kwa mara mpaka mvuke ukapandisha nyuzi zilizopondwa. Akasubiri mbao ikauke, akapiga msasa. Ilipofika mchana, ungepitisha kidole usipate kitu. Kisha akakata vibao viwili vya msonobari, akavifunga juu ya yale meno ya chuma.

"Usibane tena mlango wa mutu bila hivi," alisema.

"Asante, fundi," Humphrey alijibu, macho kwenye simu.

Fortunée alifunga randa yake na patasi zake mbili ndani ya kitenge. Benchi lisingeingia kwenye gari la Kethia, na hakuliomba.

"Mbona mapema? Chai iko."

"Kanisani tutaonana, kaka."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi utafute mutu mwenye hana shida ukimuchagulia vyombo."

Humphrey aliinuka, simu ikamdondoka. "Mama Kethia! Ngoja basi nikupeleke, huku hakuna basi!"

Lakini Fortunée alikuwa ameshatoka kwenye kivuli cha gereji, kitenge kwapani, akitembea juu ya nyasi kando ya barabara kwa kuwa njia ya miguu haikuwepo, akimwelekeza Kethia kwa simu amkute kituo cha mafuta. Humphrey alimwita mara ya pili. Fortunée alipofika kona alipinda kulia, na gereji ile hakuikanyaga tena.